Sauti Yangu Katika Simu za Lobule

14 Aprili, Koboko

Nimepanga chumba nyuma ya soko. Bati linavuja juu ya kitanda. Mwenye nyumba anasema mvua ya mwaka huu haina adabu. Nikamwambia asiye na adabu ni fundi wake. Tumeanza vibaya.

Ripoti naziandika kwa Kiingereza, na Kinubi ni cha kugombana na mama. Daftari hili nitaliandika kwa Kiswahili. Marehemu baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho alichokuwa akitufokea nacho. Nikikasirika ndicho kinachonijia kwanza. Msimu huu nitakasirika sana, naona.

Niseme nimekuja kufanya nini. Kwa miaka kumi na sita mimi, Zuhurah binti Tahiru, mtafiti wa lishe, nimewaambia watu wa Arua wale nini: kwa mabango, kwa redio, kwa maigizo ya shule. Wamesikiliza, wamepiga makofi, wamekwenda nyumbani wakala walivyokula jana. Sasa tunajaribu simu. Wajawazito kumi na wanne wa Lobule, kila mmoja na simu yake ya mradi. Jioni mama anapiga picha ya sahani yake, basi. Kila picha inayopigwa na simu hiyo inakwenda yenyewe kwenye kompyuta yetu iliyoko Arua. Kompyuta inaisoma na kumrudishia rangi. Kijani, umekula vizuri. Njano, ongeza kitu. Nyekundu, mtoto tumboni hajala. Baada ya rangi inafuata sauti ya ushauri, na sauti hiyo ni yangu. Nilirekodi jumbe sitini ndani ya kabati kwa mama, nimejifunika blanketi ili kelele za mtaa zisiingie.

Serge, mkuu wa ofisi yetu, ameniahidi kwamba tukifaulu hapa mradi utaenea West Nile nzima, mkoa wote huu wa Uganda, na kiongozi wake nitakuwa mimi.

17 Aprili

Tumegawa simu kwenye baraza ya shule. Aliyenisaidia kutafsiri ni Odile, mhamasishaji wetu wa kijiji, Mkongo aliyeolewa huku miaka mingi. Ana paneli ya jua, kwa hiyo simu zote zitachajiwa nyumbani kwake. Naona ndiye pekee mwenye akili pale.

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, jina lake Candia, mimba ya miezi minne, aliuliza bila kunyoosha mkono:

"Daktari, na siku mutu hana kitu ya kupiga picha?"

"Kila mtu ana kitu," nikamjibu.

Wakacheka wote. Hawakucheka pamoja nami.

18 Aprili

Picha kumi na nne. Nyekundu tisa. Mvua kutwa.

25 Aprili

Nimebuni jambo. Kila Ijumaa simu zote zitapokea orodha moja: jina la kila mama na rangi yake ya wiki. Mtu akimwona jirani amemtangulia, huongeza mwendo. Wenye nyekundu watatembelewa na muuguzi wetu awapime unene wa mkono na damu. Aliyekaa kijani wiki tatu hatatembelewa tena, maana muuguzi ni mmoja na pikipiki ni moja.

Serge alipiga simu kunisifu. Leo orodha ya kwanza imekwenda.

3 Mei

Nyekundu kumi na moja. Hawasikilizi.

12 Mei

Nimekwenda kwa Candia mwenyewe, kwa sababu hajapata hata njano tangu tuanze. Nilimkuta anapalilia karanga, tumbo limeanza kumzuia kuinama. Hakuniwekea kiti.

"Simu yako natukana mimi," akasema. "Kila jioni. Ongeza yai, mama. Ongeza samaki, mama. Natoa wapi? Wewe ulisikia kuku hapa?"

Nikamshauri auze muhogo kidogo, anunue mukene, wale samaki wadogo wa kukausha.

"Muhogo nikiuza, nakula nini? Picha?"

Nikamweleza kwamba orodha ya Ijumaa si ya kuaibisha bali ya kutiana moyo. Hapo ndipo aliposimama wima.

"Moyo gani? Jina yangu iko chini, na nyekundu. Watu nasema bwana yangu Acidri hawezi kulisha bibi yake. Acidri sasa hapana ongea na mimi. Anakula, anatoka, ananyamaza."

Akatema mate. Aliyatema kwenye udongo, lakini si mbali na viatu vyangu. Jioni nikaandika kwenye ripoti: mshiriki namba tisa ana mtazamo hasi.

20 Mei

Ghala ziko tupu. Karanga na maharage bado viko shambani vinanyeshewa. Kila aliyezaliwa West Nile anaujua msimu huu wa njaa. Mimi nilipanga ratiba kwa kalenda ya wafadhili.

28 Mei

Nyekundu kumi na nne.

6 Juni, Arua

Idi. Nimekuja kwa mama. Nyama, pilau, jamaa wamejaa uani, na mimi na simu mapajani, kila picha na jibu lake vikinifikia hapo. Nilitaka kuona kama hata sikukuu watanipinga. Picha ya Candia iliingia mapema, saa nane mchana: muhogo uliochemshwa na chumvi pembeni, kwenye kipande cha sufuria. Naye ni Mwislamu, Idi yake ndiyo hiyo. Rangi ikatoka, nikasikia sauti niliyoirekodi ndani ya kabati la nyumba hii hii ikimwambia kuwa afya ya familia huanza na mama anayechagua vizuri.

Mama akageuka kutoka jikoni.

"Nani huyo anayesema kwa kiburi hivyo?"

"Ni mimi, mama."

Alinitazama, akarudi kwenye sufuria zake. Sikumaliza nyama yangu, lakini hasira yangu ilikuwa kwa Candia, kwa kuipiga picha ile.

13 Juni, Koboko

Kijani kumi na nne! Nimehesabu mara tatu. Yai, maharage, majani ya kunde, kipande cha parachichi. Hata Candia. Serge amesema maneno mengi ya Kifaransa kwa furaha. Nimelia kidogo, peke yangu, mvua ikipiga bati.

Nilijua ukaidi wao utachoka kabla yangu.

20 Juni

Kijani kumi na nne.

27 Juni

Kijani kumi na nne. Mwenye nyumba ametengeneza bati. Dunia nzima imeamua kunitii.

4 Julai

Wiki tatu zimetimia. Muuguzi amerudi Arua na pikipiki yake. Wageni wa wafadhili wanakuja tarehe ishirini na nne kuona matokeo. Nimeanza kuchagua picha za kuwaonyesha.

8 Julai

Nilitaka sahani kumi na nne za jioni moja, zipangwe pamoja kwenye ukurasa mmoja. Nikazipanga. Sahani zote ni nyeupe za bati, na katikati zimechorwa jogoo. Nikadhani wamenunua duka moja.

Kisha nikaona jogoo wote wamepotewa na mkia, rangi imebanduka mahali pale pale. Yai limekatwa vipande viwili, na kila picha kipande kimoja kimemong'onyoka ukingo ule ule. Nikaangalia saa. Ya kwanza imepigwa saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Ya mwisho, dakika kumi na nane baadaye.

Sahani moja. Nikafungua jioni ya kabla yake, na ya kabla yake, hadi tarehe kumi na tatu Juni. Sahani moja kila siku.

9 Julai

Simu zinachajiwa kwa Odile, kwa hiyo nilikwenda kwa Odile. Nilimkuta anaosha vyombo uani. Jogoo asiye na mkia alikuwa juu ya kichanja, amekauka tayari. Hakuhangaika kumficha.

"Sahani ni yangu," akasema kabla sijauliza. "Yai ni ya kuku yangu. Kunde tunachuma pamoja. Jioni wanakuja kuchukua simu, kila mutu anapiga picha, halafu mumoja anakula. Leo huyu, kesho mwingine. Zamu."

"Kwa nini, mama Odile? Wewe nilikuamini."

"Ulitaka kijani. Tukakupa kijani. Sasa Ijumaa watu nalala bila kugombana."

"Mnajiumiza wenyewe! Mimi nitajuaje nani ana njaa?"

Akaacha kuosha. "Wiki nane walikuambia. Kila siku, na picha. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Wewe ulifanya nini? Ulisoma jina yao kwa watu."

Nikamwita mwongo. Nikamwambia ameharibu kazi ya miaka yangu kumi na sita, na kwamba nitamwondoa kwenye mradi kesho asubuhi. Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ondoa mimi. Andika mimi ni mwongo. Lakini jina ya wale wengine, hapana andika."

Nimerudi chini ya mvua nikimtukana bodaboda wa watu kwa kosa la kuuliza kama niko sawa.

10 Julai

Nimemweleza Serge yote kwa simu. Akaanza kuongea taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Zuhurah, wageni ni tarehe ishirini na nne. Wakishaondoka tutasafisha takwimu."

"Muuguzi arudi Lobule leo. Wale wanawake hawajapimwa karibu mwezi."

"Arudi kwa sababu gani? Wote ni kijani. Wageni watauliza. Ni wiki mbili tu, dada yangu. Watu wa kule wamezoea msimu huu."

Nikasema sawa. Niandike vizuri, nisije nikajidanganya baadaye: muuguzi ningeweza kumpigia mimi mwenyewe, namba yake ninayo. Nilisema sawa.

12 Julai

Kijani kumi na nne. Sikufungua picha.

15 Julai

Odile amepiga saa nne asubuhi. Sikutaka kupokea. Alipopiga mara ya tatu nikapokea ili nimfokee, na kabla sijaanza akasema, "Candia ameanguka shambani. Damu nakuja mingi. Acidri amemubeba na baiskeli mpaka barabara."

Nilifika hospitalini kabla yao. Gari lililowaokota njiani liliwashusha mlangoni, Acidri akiwa ameishikilia shuka ambayo haikuwa na rangi yake tena. Candia alikuwa na macho wazi, midomo myeupe kama chaki. Daktari alipomvuta kope la chini kutazama damu, alitikisa kichwa na kuuliza:

"Huyu hajawahi kupimwa damu?"

"Alikuwa anapimwa na mradi," mtu akajibu. "Wameacha."

Nilisogea kwa Acidri. Ni mwanaume mrefu, mwenye sauti ndogo. Nikamwambia jina langu na kwamba niko tayari kutoa msaada wowote. Alinisikiliza, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Wewe ndiye ile sauti?"

"Ndiyo."

"Basi nyamaza."

Nilikaa kwenye ukingo wa veranda hadi alasiri. Walimpa damu chupa mbili. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi saba. Alipumua karibu saa moja. Candia yu hai.

16 Julai

Mtoto amezikwa asubuhi hii. Wanaume wa ukoo walikuja kumchukua, Candia amebaki kitandani.

Saa moja na dakika arobaini, kabla hawajafika, picha iliingia kwenye kompyuta kutoka simu namba tisa. Niliiona hapa chumbani kwenye kompyuta yangu ndogo, nikinywa chai. Uso mdogo, umefungwa ndani ya kitenge cha manjano, macho yamefumbwa, na kidole cha mama kimegusa shavu. Alitaka kubaki na sura ya mwanawe. Simu pekee aliyokuwa nayo ni ile niliyompa mimi.

Kompyuta haikuchukua hata nusu dakika. Nilisoma kwenye kioo ujumbe uliokwenda, namba thelathini na mbili, nikaukumbuka nilivyousema mle kabatini, kwa uchangamfu, nikitabasamu ili sauti itoke tamu: "Mama, hatuoni chakula hapa. Tafadhali piga picha tena."

Dakika chache baadaye Odile akapiga. Hakusalimu.

"Umesikia simu yako imesema nini kwa Candia?"

"Nimeona."

"Wodi yote imesikia," akasema, akakata.

Nimezima jumbe zote sitini. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili.

18 Julai

Nimekwenda kutoa pole. Wanawake waliokuwa kwenye mikeka waliniona tangu barabarani. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alisimama, akachukua mkeka wa karibu na njia, akaukunja.

19 Julai

Muuguzi amerudi Lobule. Nimempigia mimi. Wanawake watatu zaidi damu yao iko chini mno, wamepelekwa kutibiwa.

24 Julai, Arua

Ukumbi ulikuwa na vitambaa vyeupe vya meza na maji ya chupa. Serge alizungumza kwanza: kijani asilimia mia moja katika wiki tano. Wageni wakapiga makofi. Akanikaribisha.

Nilionyesha ukurasa mmoja tu, ule wa sahani kumi na nne. Nikawaomba watazame mkia wa jogoo. Ilichukua muda, mgeni mmoja mama mzee akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kisha nikasema yote. Orodha ya Ijumaa ilikuwa wazo langu. Msimu wa njaa niliujua nikaupuuza. Tarehe nane Julai niligundua, tarehe kumi nilikubali kunyamaza, tarehe kumi na tano mtoto alikufa. Sikusema jina lolote la Lobule, wala sikuonyesha ile picha nyingine.

Serge alinisubiri mlangoni.

"Ulitaka kujisafisha," akasema. "Umejisafisha kwa maji yetu sote."

Nilitaka kumjibu vibaya. Tatizo ni kwamba hakukosea sana. Mkataba wangu unakwisha tarehe thelathini na moja Agosti, nao hautaongezwa.

26 Julai

Kumbe kulikuwa na mtu wa redio ukumbini. Leo asubuhi, katika kipindi cha mzaha, watangazaji wawili wamewaigiza wanawake wa Lobule wakigombania yai la kupigia picha. Muuza chapati alicheka mpaka akaunguza chapati yangu.

Nilidhani nasema kweli kwa ajili yao. Nimewatangaza mara ya pili, na safari hii kwa watu wengi zaidi.

2 Agosti, Lobule

Odile amenitumia ujumbe wa maneno manne: Kuja na kompyuta yako.

Walikuwa wote kwenye baraza ya shule, wengine wameshakaribia kujifungua, Candia katikati yao, amekonda, ameketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Simu kumi na nne zilikuwa zimewekwa ndani ya gunia miguuni pake. Hapakuwa na salamu.

"Picha yetu iko wapi?" akauliza.

"Kwenye kompyuta ya Arua. Naweza kuifungua kutoka hapa."

"Iko ngapi?"

"Elfu moja mia nne na kidogo."

"Futa."

Nikawaeleza, na sasa naona aibu kuandika kwamba niliwaeleza. Nikasema picha zile za mwanzo, zile nyekundu, ndizo ushahidi pekee wa njaa ya msimu huu, na kwamba kwa hizo naweza kuandika makala itakayosomwa mbali, huenda wengine wasifanyiwe hivi. Yote hayo yalikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba bila picha zile sina kazi ya kuonyesha kwa mwaka mzima, na mtafiti asiye na kazi ya kuonyesha haajiriwi.

Candia alisubiri hadi nikamaliza.

"Njaa ni ya nani?" akauliza.

"Yenu."

"Futa."

Nilifungua sehemu ya mama namba moja. Akaja mwenyewe, akainama begani kwangu, akaona sahani zake zikipita, akaona ukurasa ukibaki mtupu. Akarudi mahali pake. Akaja wa pili. Mmoja aliniambia nisimame kwenye picha ya muhogo wa tarehe fulani, akaitazama, akasema, "Hiyo siku nilinyima mutoto wangu mukubwa," kisha akanionyesha kwa kidevu niendelee. Odile alisimama nyuma yangu muda wote. Sikuthubutu kugeuka, lakini nilipoishiwa betri ni yeye aliyeleta waya wa paneli yake.

Candia alikuwa wa mwisho. Nilifuta sahani zake zote hadi ikabaki moja, ya tarehe kumi na sita.

"Hiyo hapana," akasema. "Simu niliondoa betri siku ile kwa hasira, nikatupa, sasa imekufa. Hiyo weka kwa karatasi, uletee mimi. Halafu na huko ufute."

5 Agosti

Mwenye studio ya picha hapa Koboko aliitazama muda mrefu. Akauliza kama aongeze mwanga. Nikamwambia asiguse kitu. Nilipokuwa na karatasi mkononi nikafungua kompyuta palepale kwenye meza yake, nikafuta ya mwisho.

Kule Lobule wameanza kung'oa karanga. Candia bado haruhusiwi kuinama, amekaa kwenye kivuli cha mashina yaliyorundikwa, anachambua. Nilimpa bahasha. Aliitoa picha, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaona ni nyeupe.

"Huko kwa kompyuta alikuwa na jina?"

"Namba. Tisa."

"Andika hapa. Rashida. Ni jina ya mama ya Acidri."

Nikaandika, kwa herufi kubwa, karatasi nimeiweka juu ya goti. Alinipokonya kabla wino haujakauka vizuri, akaipulizia mwenyewe. Kisha akamwita mumewe, aliyekuwa mwisho wa shamba na matope hadi viwikoni.

Acidri alikuja, akapita mbele yangu kama anayepita mbele ya mti. Alifuta mikono kwenye suruali, mmoja halafu mwingine, akavitazama viganja, akavifuta tena, ndipo akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.